Paja la Nguruwe kwa Moto wa Polepole: Tamu Mezani, Salama Nyumbani



Kuna siku ambazo bukari na sombe peke yake havitoshi. Ni siku ya Noeli, siku ya ubatizo, siku ya harusi, au siku mtoto anapoleta diploma nyumbani. Siku hiyo familia inakusanya pesa na kununua paja zima la nguruwe. Mama analipika polepole mpaka nyama inaachana na mfupa, kisha analipaka sukari na asali mpaka linang'aa. Jirani anasikia harufu na kujua kwamba leo kwenu kuna furaha.

Labda utauliza: ukurasa wa usalama na afya unatafuta nini ndani ya sufuria yangu? Jibu ni fupi. Kila mwaka, mahali pengi, watu wanatoka mezani wazima na kuamka wagonjwa. Wengine hawaamki kabisa, na kosa si la nyama, ni la mbabula iliyoachwa ndani ya nyumba usiku. Kazini tunakufundisha kutazama kabla ya kuanza: utazame paa la mgodi, utazame kamba, utazame breki. Jikoni ni vile vile. Soma ukurasa huu wote pamoja na mwenzako kabla ya kuwasha moto.

JAMBONI NI NINI?

Jamboni ni paja la nyuma la nguruwe lililotiwa chumvi ili likae siku nyingi bila kuoza. Zamani, kabla ya frigo, watu wa Ulaya walichinja nguruwe wakati wa baridi, wakatia mapaja katika chumvi, wengine wakayakausha kwa moshi. Huko Marekani watu walizoea kulila siku ya Noeli na ya Pasaka, likiwa limepakwa sukari, limechomwa karafuu na kupangwa vipande vya nanasi juu. Sukari inapunguza ukali wa chumvi: ndiyo maana vitu hivi viwili vinapendana.

Ukienda sokoni au dukani, ujue kwanza ni nyama gani unayonunua, kwa sababu kuna namna tatu:

1. Paja bichi. Ni nyama ya kawaida kutoka kwa mchinjaji. Haina chumvi. Lazima ipikwe kabisa.

2. Paja lenye chumvi lakini bichi. Rangi yake ni nyekundu nzuri, na wengi wanadanganyika kwamba limekwisha kupikwa. Hapana. Lazima lipikwe kabisa.

3. Paja lenye chumvi na lililopikwa kiwandani, ndani ya kopo au mfuko. Hili linahitaji kupashwa moto tu. Soma maandishi ya kopo. Kopo lililovimba, lililotoboka au lililoota kutu nyingi, litupe, hata kama umelilipia.

Kumbuka jambo moja juu ya rangi. Dawa ya chumvi ya viwandani inafanya nyama ibaki nyekundu hata ikiiva. Basi kwa jamboni, rangi si shahidi. Na nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe, usiinunue hata kwa bei ndogo.

SUFURIA YA POLEPOLE ILITOKA WAPI?

Siku hizi nyumba nyingine zina sufuria ya umeme ya moto wa polepole. Ni chungu cha udongo mzito kilichowekwa ndani ya ganda la chuma, na nyaya za moto zinakizunguka pembeni. Aliyeitengeneza ni Irving Naxon wa Chicago, Marekani, ambaye alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1940. Naxon alisema wazo hilo lilitoka kwa mama yake, aliyemsimulia chakula cha Wayahudi wa Vilna: siku ya Ijumaa kabla ya Sabato kuanza, sufuria ilipelekwa kwa mwoka mikate, na moto uliobaki ndani ya tanuri ulipika mboga usiku kucha. Mwaka 1970 kampuni ya Rival ilinunua kazi ya Naxon, na mwaka 1971 ikaanza kuuza sufuria hiyo kwa jina la Crock-Pot.

Unaona basi kwamba si jambo geni kwetu. Mama zetu pia wanajua kuacha kwato na maharage juu ya makala yaliyofunikwa majivu. Paja la nguruwe ni nyama ya mguu unaofanya kazi, lina nyuzi ngumu na ngozi nene. Moto mkali unalikausha nje na kuacha ndani bichi. Moto wa polepole wenye maji unalainisha nyuzi hizo, na zinageuka kuwa kama utelezi mtamu wa supu. Lakini polepole ina hatari zake. Tuzitazame moja moja.

HATARI YA KWANZA: MNYOO WA NGURUWE

Nguruwe anayezunguka nje na kula uchafu wa choo anaweza kubeba mnyoo unaoitwa tenia. Ndani ya nyama yake utaona vifuko vyeupe, vidogo kama punje za mchele au mbegu za maharage. Lakini kama ni vichache, jicho linaweza kuvikosa. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva, mnyoo unakua tumboni mwake na kufika urefu wa mita kadhaa. Anaweza kukaa nao miaka bila kujua.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa watu wengi wanachanganya. Mwenye mnyoo tumboni anatoa mayai yake chooni. Asiponawa mikono, mayai hayo yanaingia katika chakula na maji ya nyumba nzima. Mtu akiyameza, hayawi mnyoo tumboni: yanapita katika damu na kufanya vifuko mwilini, hata ndani ya ubongo. Mara nyingi kifafa kinachomwanzia mtu mzima, katika nchi zenye ugonjwa huu, kinatoka hapo. Si uchawi. Si laana ya ukoo. Tena povu la mgonjwa haliambukizi mtu. Hata asiyekula nguruwe kamwe anaweza kupata vifuko hivi, kama anayempikia ana mnyoo na hanawi mikono.

Wewe unayefanya kazi karibu na mashine, juu ya ngazi au kwenye usukani wa lori, fikiri maana ya kuanguka kifafa mahali hapo. Kama umepata kuanguka hata mara moja, au umeona vipande vyeupe vinavyofanana na utepe katika choo, usifiche. Nenda dispansere. Na usijinunulie dawa ya mnyoo huu sokoni: mwenye vifuko katika ubongo anaweza kuanguka kifafa kwa sababu ya dawa yenyewe. Munganga ndiye atakayechagua.

Ulinzi ni huu: nyama iive mpaka katikati, mikono inawe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kupika, na nguruwe wafungwe bandani mbali na choo. Chumvi peke yake na moshi peke yake havitoshi kuua vifuko.

HATARI YA PILI: SAA ZA VUGUVUGU

Wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wanapenda joto lile lile tunalolipenda sisi. Kati ya digri 5 na digri 60 za Selsiasi wanaongezeka. Penye joto linalowafaa sana, mdudu mmoja anaweza kuwa wawili kwa muda wa dakika 20. Fanya hesabu: saa moja, wanane. Saa mbili, 64. Saa sita, mmoja amekuwa zaidi ya 260,000. Hii ndiyo sababu sufuria iliyoachwa vuguvugu tangu jioni ni hatari asubuhi.

Tena usiseme, "nitaichemsha upya." Kuna mdudu anayekaa puani na katika vidonda vya mikono ya mpishi. Huyu havumilii moto, lakini anavumilia chumvi kuliko wenzake, kwa hiyo anapenda jamboni iliyokatwa na kuachwa mezani. Anaacha sumu ndani ya nyama, na sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha. Baada ya saa chache watu wanatapika nyumba nzima. Mwingine anajificha ndani ya mbegu ngumu ambazo moto hauziui. Sufuria kubwa inapopoa polepole, mbegu zinaamka, na siku ya pili watu wanaharisha na kushikwa tumbo.

Basi sheria ni tatu. Nyama ipite haraka kutoka baridi hadi moto. Ikiisha kuiva, ibaki moto kabisa au ipoe haraka. Na chakula kilichopikwa kisikae mezani zaidi ya saa mbili. Mwenye kidonda mkononi asikate nyama.

HATARI YA TATU: HEWA YA MAKALA

Hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote, na ndiyo iliyotufanya tuandike ukurasa huu.

Kupika polepole kunachukua saa nyingi. Mvua inaanza kunyesha. Mama anafikiri: niingize mbabula ndani, nifunge mlango, nyama iive usiku tukiwa tumelala. Usifanye hivyo kamwe. Makala yanapowaka bila hewa ya kutosha, yanatoa hewa mbaya ya monoksidi ya kaboni. Haina rangi. Haina harufu. Haitoi machozi kama moshi wa kuni. Na makala yasiyo na moshi, mekundu chini ya majivu, yale ambayo kila mtu anasema "yametulia", yanaendelea kuitoa.

Wewe wa chini ya ardhi unaijua hewa hii. Ndiyo inayobaki baada ya kulipua mwamba, na ndiyo sababu hatuingii mpaka hewa isafishwe. Katika damu inashika mahali pa hewa safi, tena kwa nguvu zaidi ya mara 200. Mtu anapumua, lakini damu yake haibebi uzima. Basi kama kazini hukubali kuingia bila hewa safi, kwa nini umlaze mtoto wako humo?

Dalili ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, usingizi mzito. Watu wengi wanadhani ni malaria, au nyama mbaya. Angalia tofauti: hakuna homa, wanaumwa wote pamoja wakati mmoja, hata wale ambao hawajala, na wakitoka nje wanajisikia nafuu. Ukiona hivyo, toa kila mtu nje mara moja. Kama mtu amezimia, fungua mlango na madirisha, mvute nje, usikae ndani kumwamsha. Kisha wote waende hospitali, hata waliopata nafuu, na mama mwenye mimba wa kwanza, kwa sababu mtoto tumboni anaumia kuliko mama.

Mbabula ipike nje, kwenye lupango au chini ya paa lisilo na kuta. Mvua ikija, ingiza sufuria, usiingize moto. Na dirisha moja lililofunguliwa kidogo si ulinzi.

VITU VYA KAZINI VISIINGIE JIKONI

Kutia chumvi kunahitaji chombo kikubwa. Hapo mtu anakumbuka pipa zuri la plastiki aliloliona kazini. Aliache huko huko. Mapipa na mabidoni yaliyobeba asidi, mafuta ya mashine au dawa za kusafishia shaba hayafai kwa chakula hata yakioshwa mara kumi. Plastiki inashika dawa na kuirudisha polepole.

Vile vile, kuna watu waliosikia kwamba jamboni ya dukani inatiwa "chumvi ya nitrati au nitriti" ili iwe nyekundu. Ni kweli, lakini kiwandani inapimwa kwa mizani midogo sana, kwa sababu ikizidi kidogo ni sumu inayoweza kuua mtoto. Unga wa nitrati unaotumika kulipulia miamba si chumvi ya chakula. Usiulete nyumbani kwa sababu yoyote, wala mfuko wake usiwe mfuko wa unga wa mahindi. Nyumbani chumvi ya mezani inatosha. Nyama haitakuwa nyekundu, itakuwa ya kijivu. Utamu ni ule ule.

NAMNA YA KUPIKA KWA MAKALA

Tafuta paja la kilo 2 na nusu, na umwambie mchinjaji alikate vipande viwili. Kipande kikubwa mno kinachelewa kupata moto katikati.

Kama una frigo inayofanya kazi vizuri, paka nyama vijiko viwili vikubwa vya chumvi siku ya mbele, uifunike, uiweke chini kabisa ya frigo ili maji yake yasidondokee chakula kingine. Kama huna frigo, au umeme unakatwa mara kwa mara, usitie chumvi usiku. Nunua asubuhi, pika asubuhi. Na kama umenunua jamboni yenye chumvi nyingi, ilowe ndani ya frigo usiku mzima na ubadilishe maji.

Nyama iliyoganda kwa baridi iache kwanza iyeyuke kabisa ndani ya frigo. Kisu na ubao wa nyama mbichi vioshwe kwa sabuni kabla ya kukata kitu kingine.

Sasa, nje kwenye mbabula:

1. Weka nyama ndani ya sufuria nzito, funika kwa maji, ongeza kitunguu kimoja, karafuu sita na pilipili manga kidogo.

2. Anza na moto mkali mpaka maji yachemke kwa nguvu. Toa povu. Hapa usiwe na haraka ya kupunguza moto.

3. Kisha punguza makala. Maji yatetemeke tu. Funika na uache saa tatu. Maji yakipungua, ongeza maji ya moto, si ya baridi.

4. Jua kwamba sisi wa Katanga tunaishi juu. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na Kolwezi iko juu zaidi. Huku maji yanachemka karibu digri 96 au 95, si 100. Kwa hiyo saa iliyoandikwa katika kitabu cha Ulaya haitoshi. Ongeza nusu saa.

5. Nyama imeiva wakati uma unaingia mpaka mfupani bila nguvu, mfupa unatikisika, na maji yanayotoka ni meupe bila damu. Mwenye kipimo cha joto aone digri 70 au zaidi katikati, mbali na mfupa.

Wakati nyama inamalizika, tengeneza sukari yake: kikombe kimoja cha sukari, vijiko viwili vya asali, maji ya machungwa mawili au gilasi moja ya maji ya nanasi, kijiko cha mutarde au cha siki, na upawa mmoja wa supu ya nyama. Chemsha kwa dakika 10 hadi 15 mpaka inashikamana na kijiko. Toa nyama, mwaga supu katika chombo kingine, rudisha nyama sufuriani. Chana mafuta ya juu kwa kisu, mistari kama ya wavu, paka sukari, kisha weka kifuniko cha chuma na makala machache juu yake. Dakika 15 zinatosha. Sukari ipakwe mwisho tu: ikipakwa mwanzo inaungua na kuwa chungu kabla nyama haijaiva.

Ile supu usiitupe. Ichemshe na maharage jioni ile ile, lakini onja kabla ya kuongeza chumvi.

KAMA UNA SUFURIA YA UMEME

Weka nyama iliyoyeyuka, gilasi mbili za maji au za maji ya nanasi, na ujaze sufuria kati ya nusu na theluthi mbili. Weka moto mkubwa saa ya kwanza, halafu unaweza kupunguza. Paja bichi la kilo 2 na nusu linahitaji saa 5 hadi 6 kwa moto mkubwa, au saa 8 hadi 10 kwa moto mdogo. Usifunue kila mara: kila ukifunua, joto linakimbia. Usitumie sufuria hii kupasha chakula kilichopoa, maana inachelewa mno. Na maharage mekundu yachemshwe kwanza dakika 10 kwa moto mkali katika sufuria ya kawaida, kwa kuwa yana sumu ambayo moto wa polepole hauiondoi.

Umeme ukikatwa, fanya hivi. Kama uko nyumbani na nyama haijaiva, ihamishe mara moja kwenye mbabula nje na umalize. Kama ilikuwa imeiva, ile ndani ya saa mbili. Lakini kama ulikuwa kazini, ukirudi unakuta saa ya ukutani imesimama na hujui umeme ulikatika kwa muda gani, itupe. Tunajua bei ya paja. Lakini siku tatu hospitalini zina bei kubwa kuliko paja, na mtoto hana bei.

Tazama pia waya. Usiunganishe sufuria, frigo na pasi katika tundu moja. Waya uliochunika, uliofungwa kwa kitambaa au unaopata moto ukiushika, usiutumie.

SUKARI MOTO NI KAMA CHUMA KILICHOYEYUKA

Wanaofanya kazi penye tanuri wanajua: chuma kilichoyeyuka kinashika ngozi na hakitoki. Sukari inayochemka ni ndugu yake mdogo. Inapokauka na kuwa rangi ya kahawia imepita digri 160, na inanata. Watoto wakae mbali na mbabula, mkono wa sufuria ugeuzwe ndani, na mtu asionje kwa kidole.

Mtu akiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Ondoa pete na saa kabla mkono haujavimba. Usibandue sukari kwa nguvu, maji yataiachisha. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai wala unga. Funika kwa kitambaa safi, kisha dispansere.

MASALIO NA GAMELI YA KAZI

Baada ya kula, kata nyama iliyobaki vipande vyembamba, vipange katika sahani pana, viingie frigo kabla ya saa mbili kupita. Vitakaa siku tatu hadi nne. Ukipasha, pasha mpaka vitoe mvuke kote. Asiye na frigo amalize siku ile ile: apelekee majirani nyama ingali moto. Hiyo nayo ni sikukuu.

Wewe unayetaka kubeba jamboni katika gameli asubuhi ili uile mchana chini ya ardhi kwenye joto, fikiri tena. Saa sita za vuguvugu ulizisoma hapo juu. Kama huna chombo kinachotunza moto kweli, beba mkate na karanga, na jamboni ikungoje nyumbani.

Mwenye presha ya damu au ugonjwa wa sukari ale kipande kidogo, aondoe mafuta na sukari ya juu. Na kama mgeni wako dini yake haimruhusu nguruwe, mpikie kuku kwa sukari ile ile ya machungwa, katika sufuria nyingine na kijiko kingine. Heshima ni sehemu ya chakula.

KUMBUKA

Nyama iive mpaka mfupani.
Mikono inawe kabla na baada.
Chakula kisikae vuguvugu.
Mbabula ibaki nje, hata mvua ikinyesha.
Pipa na unga wa kazini vibaki kazini.
Sukari ipakwe mwisho, watoto wakiwa mbali.

Kata ukurasa huu, uubandike jikoni. Paja la nguruwe linapikwa nusu siku na kuliwa kwa nusu saa. Sikukuu njema ni ile ambayo kesho yake king'ora cha kazi kinalia na nyumba nzima inaamka, kila mtu anajibu akiitwa.